Hifadhi imemfaa nani? Namna utafiti wa jamii unavyopima, na unavyokosea, Unguja na Pemba

Siku mwamba uliofungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wakue unapofunguliwa, diko (mahali vyombo vya wavuvi vinapotia nanga) hujaa kabla jua halijapanda. Watu wameteremka na ndoo, vijiti na nondo, mizani imetundikwa, wachuuzi wamekwishapatana bei, na mara nyingi yupo mgeni rasmi. Pweza wanaotoka ni wakubwa kuliko wa siku zote. Mtu wa mradi huandika kilo za siku ile, na kilo hizo ndizo zinazosafiri: huingia kwenye ripoti, kisha kwenye mada ya warsha, kisha kwenye ombi la fedha za awamu ya pili. Nambari yenyewe ni ya kweli. Ila haijibu swali linaloulizwa barazani, nalo ni hili: kufunga kumetufaa au kumetutia hasara?

Tupige hesabu ya mfano. Nambari ni za kubuni, njia ndiyo ya kweli. Kuchokoa pweza kwa miguu hutegemea bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, kwani maji mafu, yanayopwa kidogo tu, hayauachi mwamba wazi. Mwezi una bamvua mbili, kila moja ikitoa siku 5 au 6 za kazi. Tuseme siku 12 kwa mwezi. Mwamba ukitoa kilo 40 kwa siku, miezi 3 ya kufunga ni siku 36, yaani kilo 1,440 zisizovuliwa. Mwamba unafunguliwa: siku 4 za mwanzo zinatoa kilo 250 kila siku, jumla 1,000; siku 8 zilizobaki za mwezi ule zinatoa kilo 70 kila siku, jumla 560. Mwezi wa ufunguzi umetoa kilo 1,560 na watu wanashangilia. Lakini mwezi huohuo, hata bila kufunga, ungetoa 480. Kulinganisha kwa haki ni miezi 4 kwa miezi 4: kilo 1,920 bila kufunga, kilo 1,560 kwa kufunga. Wanakijiji wamepungukiwa kilo 360, na siku ya ufunguzi ilikuwa zaidi ya mara 6 ya siku ya kawaida!

Weka 350 mahali pa 250, na 110 mahali pa 70, jumla inapanda hadi kilo 2,280 na hasara inageuka faida. Hilo nalo hutokea. Kusini-magharibi ya Madagaska, ambako kufunga miamba ya pweza kwa muda kulianza mwaka 2004, watafiti walilinganisha vijiji vilivyofunga na vile visivyofunga, wakakuta faida hata baada ya kutoa hasara ya siku za kufunga. Sababu iko kwa pweza mwenyewe: maisha yake yote ni mwaka na zaidi kidogo, kwa hiyo miezi michache kwake ni umri mkubwa, na uzito huongezeka upesi. Huku kwetu mtindo huu umejaribiwa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, na kwingineko, kwa ushirikiano na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani. Anayetaka kujua kama umefaa asiulize kilo za ufunguzi. Aulize kilo za mzunguko mzima, na aulize zimekwenda kwenye ndoo ya nani, maana siku hiyo huja wazamiaji wenye miwani na boti kutoka vijiji vingine, ilhali mwanamke aliyekaa miezi 3 bila kuchokoa anaishia ukingoni mwa maji, pale miguu inapofika.

Maswali hayo mawili, "ukilinganisha na nini?" na "kwa nani?", ndiyo yanayobeba karibu utafiti wote wa jamii kuhusu hifadhi. Yaliyobaki ni ufundi wa kuyajibu.

Kulinganisha na nini

Hifadhi hazikutupwa ovyo kwenye ramani. Msitu wa Jozani ulisalia kwa kiasi kikubwa kwa sababu ardhi ile ni ya mawe, na sehemu yake hutuama maji. Haikuwa ardhi ya mikarafuu. Ukichukua kijiji cha jirani yake, kama Pete, ukakilinganisha na kijiji cha udongo wa kinongo, wenye rutuba, upande wa magharibi wa Unguja, utakuta tofauti ya kipato. Ukisema tofauti hiyo imeletwa na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, umeusahau udongo, ambao ulikuwapo kabla ya sheria. Chumbe ni hivyohivyo kwa upande wa bahari. Mwamba wake ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, lakini hata kabla ya hapo kisiwa kilikuwa karibu na njia ya meli na eneo lenyewe lilikuwa la kijeshi, watu hawakuvua humo kwa uhuru. Uzuri wa matumbawe ya Chumbe leo ni kazi ya ulinzi, sawa, lakini si wote, mwingine waliukuta.

Basi tulinganishe kijiji kilekile kabla na baada? Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai, lenye kilomita za mraba 470, lilitangazwa mwaka 1997. Tangu hapo zimekuja simu za mkononi, barabara za lami, hoteli, mashine za boti, na bei ya samaki inayofuata mtalii. Kizimkazi ya leo haiwezi kutofautiana na ile ya 1997 kwa sababu ya hifadhi peke yake.

Njia inayokubalika inaunganisha yote mawili, na inahitaji visanduku vinne: ndani kabla, ndani baada, nje kabla, nje baada. Tuseme tunapima kaya zinazokula samaki siku 3 au zaidi kwa wiki. Ndani ya hifadhi zilikuwa asilimia 60, sasa ni 50. Mpinzani atasema hifadhi imewanyima watu kitoweo. Kijiji cha nje kinachofanana nacho kilikuwa asilimia 62, sasa 40. Ndani kumeshuka pointi 10, nje kumeshuka 22. Kwa hiyo hifadhi, kwa makadirio haya, imezuia kushuka kwa pointi 12. Hesabu ya kutoa mara mbili tu, mtoto wa skuli anaiweza. Kigumu ni kukipata hicho kijiji "kinachofanana nacho". Ufanano huo hautafutwi kwa jicho. Hutafutwa kwa mambo yaliyokuwapo kabla ya hifadhi: umbali hadi soko na barabara, aina ya udongo, upana wa mwamba, idadi ya vyombo, kama upande ule huvulika wakati wa kusi. Mambo yaliyokuja baada ya hifadhi, kama hoteli, hayaingizwi kwenye kufananisha, kwa sababu huenda yameletwa na hifadhi yenyewe, na ukiyasawazisha unaifuta athari unayoitafuta.

Hapa yanaharibika mambo matatu mara kwa mara. La kwanza ni kukosa takwimu za mwanzo. Mradi huanza, fedha za tathmini huja mwaka wa nne, na mtafiti analazimika kuwauliza watu hali ilikuwaje miaka minne iliyopita. Watu hukumbuka mambo makubwa (ng'ombe, bati, chombo), hawakumbuki kilo. Kwa hiyo katika kumbukumbu uliza mali, usiulize mapato.

La pili ni uvujaji. Mwaka 2010 ulianza mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, kwa fedha za Norway, na shehia nyingi (maeneo madogo ya utawala, kila moja chini ya sheha) za Unguja na Pemba zikaingia mikataba ya kusimamia misitu yao ya jamii, kwa matumaini ya kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti. Kaya zinahitaji kuni, na wapo wanaoishi kwa mkaa na tanu za chokaa. Ukiufunga msitu wa shehia hii bila kugusa haja hiyo, panga linahamia shehia ya pili. Sasa angalia linavyovuruga hesabu: msitu wa ndani umepona, wa jirani umeumia kwa sababu ya wa ndani, na wewe umemchukua jirani kuwa kipimo chako. Tofauti inaonekana kubwa maradufu, na sifa yote inakwenda kwa hifadhi. Dawa ni kuchukua vipimo viwili, shehia za jirani na shehia za mbali ambazo panga haliwezi kuhamia, na kuangalia kama jirani ameshuka kuliko wa mbali. Baharini ni vivyo hivyo: juya, wavu wa kukokota, likifukuzwa hapa halichomwi moto kila mara, hukokotwa kwingine.

La tatu ni ahadi. Fedha za kaboni zilizotarajiwa hazikuja kwa namna watu walivyoelezwa, na mikataba ikabaki. Mtafiti anayepima "athari ya msitu wa jamii" katika hali hiyo anapima vitu viwili kwa pamoja: kulinda msitu, na kuahidiwa kisha kutopata. Ni lazima avitenganishe katika maswali yake, la sivyo hasira ya ahadi ataiandika kuwa ni chuki ya watu kwa msitu.

Kwa nani

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kisichokaliwa na watu daima. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 kikaingizwa katika eneo kubwa zaidi la hifadhi la Mkondo wa Pemba. Ukitakiwa uhoji "jamii ya Misali", utakwenda wapi? Wanaokitegemea wanatoka shehia nyingi za Pemba, na wengine ni wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kwa wiki kadhaa kisha wakaondoka. Sampuli inayochorwa kwa daftari la sheha inamkosa mvuvi wa dago kabisa, naye ndiye anayeumizwa zaidi na mpaka. Kwa hifadhi za namna hii sampuli huchukuliwa kwenye matumizi badala ya makazi: unakaa diko na dago, unahesabu vyombo, na kila chombo cha tatu, tuseme, unazungumza na nahodha wake na baharia mmoja. Baharia asisahauliwe. Mgao wake si wa nahodha, na wala nahodha si lazima awe mwenye chombo.

Wastani nao ni mjanja. Chukua kaya 10 za kijiji cha utalii. Moja ina boti ya kupeleka wageni kuangalia pomboo, na hifadhi imeiongezea shilingi 900,000 kwa mwaka. Tisa zimepoteza sehemu ya kuvulia, kila moja 50,000. Jumla ya kijiji ni faida ya 450,000, wastani 45,000 kwa kaya. Ripoti itaandika, bila kusema uongo wowote, kwamba kaya imefaidika kwa wastani wa shilingi 45,000, na kaya 9 kati ya 10 zina hasara. Ukipanga kaya kwa safu kutoka ya chini hadi ya juu ukachukua ya katikati, unapata hasara ya 50,000. Ripoti isiyotoa ya katikati pamoja na wastani isomwe kwa shaka.

Na ndani ya kaya kuna watu. Mume anaweza kupata kazi ya ulinzi wa hifadhi huku mke akipoteza chaza, kombe na pweza wa kitoweo. Dodoso linalomuuliza "mkuu wa kaya" litaandika faida. Kinachookotwa na wanawake na watoto mwambani mara nyingi hakipiti mnadani, kwa hiyo hakimo katika takwimu za diko, na kisichokuwamo katika takwimu hakionekani kikipotea.

Kuuliza

"Je, unaunga mkono hifadhi?" ni swali bure. Mmoja anafikiria ukanda usiovuliwa kabisa, mwingine anafikiria ada ya mtalii, wa tatu anafikiria boti ya doria iliyomnyang'anya nyavu, na huko Pemba wa nne anaweza kufikiria msitu wa mizimu uliokuwa na miiko yake kabla ya serikali yoyote. Wote wanajibu "ndiyo" au "hapana" kwa vitu tofauti. Swali zuri hutaja mahali kwa jina la wenyeji, kanuni moja, na muda: "Tangu Idi iliyopita, umewahi kuacha kwenda mwamba fulani kwa sababu umefungwa?"

Mapato hayaulizwi moja kwa moja. Si kwamba watu ni waongo. Kipato cha mvuvi hakina mwezi. Uliza kaya imekula nini siku 7 zilizopita, kitoweo kilitoka wapi, mara ngapi walikula bila kitoweo. Uliza paa ni makuti au bati, chombo ni cha nani. Vitu hivi vinaonekana na havibadiliki kwa aibu.

Mwezi wa angani una nguvu kwenye sampuli kuliko mtafiti. Wakati wa bamvua wanawake wa mwani na wa kuchokoa wako baharini saa za maji kupwa, hivyo atakayebisha hodi saa hizo atakutana na wasiokwenda baharini. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hukaa nyumbani mbaamwezi na hutoka wakati wa giza. Timu inayokuja Pemba kwa siku 5 inachaguliwa watu na mwezi bila kujua. Angalau ziara ziwe mbili, moja bamvua na moja maji mafu, na moja iangukie giza. Kisha kuna misimu: kipindi cha kusi vyombo vidogo vya upande wa mashariki hukaa, msimu wa karafuu watu wa Pemba huhamia mashambani, na mwezi wa Ramadhani ulaji hauwakilishi mwezi mwingine wowote. Takwimu za kabla zikikusanywa kaskazi na za baada zikakusanywa kusi, umepima upepo.

Kibali cha utafiti hupitia serikalini, kisha wilayani, kisha kwa sheha. Hilo halikwepeki na wala si baya. Lakini sheha ni mteule wa serikali, na akikaa kando ya mkeka wakati wa mahojiano, majibu kuhusu nyavu haramu yatakuwa safi kama maji ya kisima. Mshukuru, mweleze, umwombe akuachie msaidizi asiye mjumbe wa kamati, naye asimame mbali. Hivyohivyo kwa majadiliano ya vikundi: sheha au kamati ikichagua washiriki, utapata waliozoea posho. Vikundi vya watu 6 hadi 8, wanawake mbali na wanaume, watu wa madema (mitego ya samaki) mbali na watu wa juya, ndivyo vinavyosema.

Kwa mambo ya siri kuna hila halali. Maarufu vitabuni ni kurusha sarafu: ikiangukia upande mmoja sema "ndiyo" tu, ikiangukia wa pili sema kweli, mdadisi haoni sarafu, na mtafiti huondoa nusu ya kubahatisha mwishoni. Hapa visiwani sarafu na dadu zinafanana mno na kamari, na mzee mmoja akikunja uso kazi imekwisha. Njia ya orodha inakubalika zaidi. Nusu ya watu husomewa mambo 4: kuvua kwa mshipi, kupanda mwani, kwenda dago, kuuza samaki mnadani. Hawasemi lipi, wanasema mangapi wamefanya mwaka huu. Nusu ya pili husomewa hayo 4 na la 5: kuvua ndani ya eneo lililofungwa. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 2.1 na wa pili 2.4, tofauti ya 0.3 inakadiria kwamba asilimia 30 wamevua palipofungwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyejitaja. Udhaifu wake ni kwamba inataka watu wengi, mamia kila upande, na mambo manne yakichaguliwa vibaya mtu atalazimika kujibu "matano" na siri itavunjika.

Tukisema mamia, tuseme pia ni mamia ya namna gani. Kanuni inayopendwa na wanafunzi inachukua idadi ya kaya na kuigawa kwa 1 kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubaliwa katika makadirio. Shehia ya kaya 400, kosa la asilimia 5, yaani 0.05: 400 kugawa kwa 2, sampuli 200. Sawa kwa shehia moja. Lakini tathmini nyingi huchukua kaya 20 katika shehia 10, na kaya za shehia moja hufanana: soko moja, mwamba mmoja, sheha mmoja. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.1, kaya 200 zinapunguzwa nguvu kwa 1 + (20 − 1) × 0.1, yaani 2.9, na kubaki na uzito wa kaya 69 hivi. Ndiyo maana shehia 20 za kaya 10 ni bora kuliko shehia 10 za kaya 20, ingawa mafuta ya gari yanauma.

Wanachosema watu na kinachopimwa

Kima punju, asiyepatikana porini kwingine duniani ila Zanzibar, alihesabiwa Unguja nzima katika kazi iliyokuta zaidi ya 5,800. Wakulima wa pembezoni mwa Jozani wamelalamika miaka mingi kwamba anamaliza nazi changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulihesabu nazi mti kwa mti na kukuta kwamba minazi iliyoliwa zaidi haikutoa mavuno machache. Ilielekea kutoa mengi zaidi, kana kwamba kima aliipunguzia mzigo.

Wepesi wa kusoma husema: basi wakulima wamekosea. Si hivyo. Utafiti ule ulipima nazi. Haukupima gharama ya kulinda shamba, wala migomba na mazao mengine, wala uzito wa kuambiwa mnyama anayekula shambani kwako hamguswi na mgeni analipa kumtazama. Malalamiko ya nazi mara nyingi ndiyo lugha ya kudai mgao wa ada ya mlangoni, na jumuiya kama UWEMAJO, ya wakulima wa maeneo ya Jozani, ilizaliwa katika dai la namna hiyo. Anayepima nazi peke yake anajibu swali la nazi. Kujua mgao unamfikia nani kunataka kufuata shilingi kutoka kaunta ya tiketi hadi mkononi, kwa stakabadhi, hatua kwa hatua.

Mwisho wa kazi kuna mrejesho, unaorukwa kuliko hatua zote. Matokeo hurudishwa diko na barazani kwa Kiswahili, kwa kilo na shilingi, kabla ripoti haijafungwa, kwa kuwa wazee wa diko huona kosa ambalo mchambuzi haoni: kwamba mwaka ule "nje" kulikuwa na kipindupindu, au kijiji ulichokiita kipimo kilikuwa na mwamba wake wa kufunga usiojulikana na serikali. Lakini tahadhari moja. Shehia ni ndogo. Ukiandika "mjane mwenye boti mbili za watalii alisema", umemtaja jina. Kwa hiyo majedwali ya mrejesho huunganishwa hadi kila kisanduku kiwe na kaya 5 au zaidi, na kauli za watu huondolewa umri, kazi na mtaa, hata kama kauli yenyewe itapoteza utamu.